Kwa Shemeji Hamza, Kuhusu Diski Uliyoiita Plastiki

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema kabla hujakata simu, shemeji: iliingia. Haikugoma, haikulazimishwa, wala hakuna mtu aliyeivunja. Ilikaa kwenye nafasi yake vizuri kabisa, ukaifunga skrubu mwenyewe, ukarudisha mfuniko. Mashine tu ndiyo haikuiona. Hilo ndilo nililotaka kukueleza, nawe uliposikia sauti yangu kwenye simu ya mama yako ukakata kama mtu aliyegusa waya wa umeme.

Haidhuru. Nitakuandikia. Na nitakuandikia hapa, kwenye ukurasa wa mtaa wetu, wanaposoma vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, na mafundi cherehani na mashangazi walioko Ulaya, kwa sababu jina ulilonipa hukunipa chumbani. Ulinipa mbele za watu. Mimi ni mtu wa heshima, narudisha kitu palepale kilipotoka.

Naona umeshtuka kuitwa shemeji. Zoea. Mimi mwenyewe bado nazoea kusema "mume wangu", na nalisema mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikienda kununua nyanya: "Mume wangu hapendi zilizoiva sana." Muuza nyanya hakuniuliza. Nikipanda moto: "Taratibu, kaka, mume wangu ananisubiri." Hina bado haijatoka mikononi, fungate imekwisha juzi tu, na Yusufu, mdogo wako, bado ananiamsha kwa kunigusa ncha ya pua na kusema, "Bibi harusi, chai iko tayari." Anaipika mwenyewe. Anatia tangawizi nyingi mno na mimi nakunywa yote. Nina furaha mpaka naona haya kuitembeza mtaani, lakini naitembeza.

Lakini wewe ulitangulia, na kutangulia kwako sikufichi. Unakumbuka siku ulipoleta vile viboksi? Mama alikuwa ametandika mezani kile kitambaa chake cha kufuma, cha wageni, nawe ukamwaga juu yake vipande vyote vya kompyuta yako ya gemu, uliyoiota tangu ukiwa shule. Mimi nilishika tochi ya simu, wewe bisibisi. Ulikuwa mzuri siku hiyo, Hamza. Nasema kweli, sina sababu ya kukunyima. Ulikuwa unatoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na kila kipande kilipokaa mahali pake ulinitazama mimi kwanza kabla hujamtazama Mama. Ilipowaka kwa mara ya kwanza, zile feni zikageuka buluu, ulininyanyua ukanizungusha sebuleni mpaka mguu wangu ukagonga kabati.

"Weee!" Mama akapiga kelele. "Mtavunja sahani zangu kabla ya harusi!"

Tukacheka wote watatu. Sahani ni zilezile, shemeji, tumeshazilia pilau ya harusi. Bwana harusi tu ndiye aliyebadilika.

Ulinifundisha kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Ulinifunga magoli mpaka nikataka kulia, kisha ukaniachia moja, ukajifanya kipa wako ameteleza. Nilijua umeniachia. Nilirudi nyumbani na lile goli kifuani kama mtu aliyepewa dhahabu. Nakwambia haya ili ujue ni kitu gani ulikitupa. Mtu anayefurahia goli la kuachiwa ni rahisi sana kumtunza, na wewe ulishindwa.

Mashine yako ilikuwa na ugonjwa mmoja: kuamka. Ulikuwa umeiwekea ile diski kuukuu ya kuzunguka, uliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa. Sadi, rafiki yako wa kila kitu, alikuwa anasema, "Washa mashine, sha, twende tukaswali, tukirudi itakuwa imeamka." Gemu ikifunguka, mwenzako wa upande wa pili ameshaingia uwanjani, wewe bado unatazama duara linazunguka. Ulikuwa unaona aibu. Niliiona aibu yako, na mimi nilipokupenda nilikuwa siwezi kuiona aibu yako nikalala. Nikaamua kukununulia SSD, zile diski mpya zisizozunguka, kwa jasho la magauni ya Idi, iwe zawadi ya ghafla.

Nikakuuliza kwa ujanja, kama mtu aliyesikia habari njiani: "Eti hizi SSD si kila moja inafaa kila kompyuta?"

Hukuinua hata macho. "Yangu inachukua yoyote. Ubao wake ni wa kisasa. Wewe baki na sindano zako."

Nikaenda mjini na neno lako. Muuzaji aliniuliza vizuri tu, "Dada, ubao mkuu wa hiyo kompyuta ni wa aina gani?" Nikamjibu kwa majivuno, maana nilikuwa najivunia wewe: "Ni wa kisasa. Unachukua yoyote." Akanyanyua mabega, akanifungia ile iliyokuwa karibu na mkono wake.

Jumapili ile sebule ilikuwa imejaa vijana wako. Nilikupa boksi mbele yao kwa sababu nilitaka wakuonee wivu. Ulifungua, ukapiga mluzi, ukanibusu kwenye paji la uso, Sadi akapiga makofi. Ukaiweka. Ukawasha. Ukaingia kwenye ule ukurasa wa mwanzo unaoonyesha mashine ina nini ndani, na ndani mlikuwa na diski moja tu, ile kuukuu. Ukazima, ukaichomoa, ukairudisha. Bado. Hapo, shemeji, mtu mwingine angechukua tochi akasoma jina la ubao wake, limeandikwa kwa herufi nyeupe pale pale katikati. Wewe uliinua kichwa ukatafuta mtu. Na mimi ndiye niliyekuwa karibu, nimebeba sinia la sambusa.

"Umeuziwa plastiki," ukasema. Halafu ukawageukia wenzako. "Jamani, mchumba wangu ameuziwa kipande cha plastiki, juu wamebandika stika."

Sadi naye: "Ariko, lakini yeye mwenyewe si iko stika tu juu? Ndani tutajua lini?"

Sadi alisema, lakini wewe ndiye uliyecheka. Ulicheka mpaka ukashika meza. Kisha ukaliokota lile neno ukanivisha: "Plastiki, tuletee chai." Na mimi nikaleta chai.

Jina lilitoka nje kabla yangu. Asubuhi vijana wa moto pale kona walikuwa wameshalipata: "Plastiki, tugende? Nikupeleke wapi?" Mteja mmoja, mama mtu mzima, alinirudishia gauni akiniuliza kwa sauti ya upole kama halitayeyuka kwenye jua. Nilikulalamikia. Ukaniambia, "Acha ushamba, ni utani." Ukaendelea kuniita hivyo hata tulipokuwa wawili peke yetu, na huko hakukuwa na mtu wa kumchekesha.

Halafu ukapata kazi ya kompyuta kwenye hoteli kule Rubavu, ziwa mbele, shati jeupe, na kitambulisho shingoni. Ulinipigia mchana, nikiwa kwenye cherehani. "Saidati, tuseme ukweli. Mimi na wewe hatulingani. Umeishia sekondari, sikulaumu, lakini mimi nahitaji mtu wa kiwango changu." Nilikuwa nimeuma pini mdomoni, napinda mkono wa blauzi. Nilishindwa kujibu kwa sababu ningezimeza. Ndivyo uchumba wetu ulivyokwisha: wewe ukisubiri nilie, mimi nikiwa na pini mdomoni. Mwishoni ukasema, "Haloo? Haloo?" Unaona, simu iliyokufa unaijua vizuri. Nitakukumbusha hapo chini.

Sasa nikusimulie habari za mume wangu, nawe utasoma mpaka mwisho, nakujua.

Alikuja dukani kwangu akitoka kazini, kule duka la dawa la Nyakabanda, bado ana harufu ya dawa ya kikohozi. Alikuwa ameshika bahasha ndogo ya kufungia vidonge. Akaiweka kwenye meza ya kukatia. Ndani mlikuwa na diski yangu. Aliikuta kwenye droo ya jikoni ulikoitupa, kati ya viberiti na mishumaa.

"Dada Saidati," akasema. Wakati huo aliniita dada. Siku hizi ananiita majina mengine ambayo sitayaandika hapa. "Hii kitu iko nzima."

"Umejuaje?"

"Nimeijaribu kwenye laptop ya mwenzangu wa kazini, ya zamani kidogo. Imeonekana hapo hapo. Iko nzima, haina hata kosa."

Nilikaa juu ya marobota ya vitenge nikalia. Si kwenye simu yako, Hamza. Hapo. Yusufu hakunishika wala hakuniambia ninyamaze. Alichukua mkasi wangu, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sketi ya mteja, moja moja, mpaka nilipomaliza.

Kisha akanieleza. Unajua anavyoeleza, polepole, kana kwamba wewe ni mgonjwa na yeye hataki ukosee kipimo. "Kazini kwetu mtu akileta karatasi ya daktari, hata dawa iwe nzuri namna gani, namuuliza kwanza: unatumia nini kingine? Mwili wako unakataa nini? Dawa nzuri kwa mwili usioipokea ni hasara. Sasa hizi diski ndogo ziko aina mbili, zinafanana kama mapacha. Moja inaongea na mashine kwa njia ya SATA, nyingine kwa njia ya NVMe. Tundu la kaka linapokea zote mbili, zinaingia. Lakini ubao wake unasikia NVMe peke yake. Uliyonunua ni ya SATA." Akanionyesha ukingo wa dhahabu: yangu ina mikato miwili, zile za NVMe mara nyingi zina mmoja. "Kaka hakuuliza ubao wake. Ni hivyo tu. Hukuuziwa plastiki."

Hukuuziwa plastiki. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, naye akarudia tena bila kucheka.

Halafu, shemeji, shikilia kiti: wazo la kuitengeneza mashine lilikuwa lake, na lilikuwa kwa ajili yako. "Kaka atakuja Idi," alisema. "Nataka aikute imepona. Nisaidie kuchagua, wewe una jicho." Mimi nilikubali kwa sababu nilitaka kuuona uso wako ikiwaka. Yeye alitaka kwa sababu anakupenda. Tulianza hivyo, wawili juu ya mashine yako iliyofunguliwa, mlango wazi, Mama ameketi kizingitini anachambua mchele, jicho moja kwenye mawe na jicho lingine kwetu.

Hujui raha ya kuchagua kitu na mtu anayeuliza kwanza. Yusufu alitaka kujua nafasi ina urefu gani, maana diski hizi zina urefu mbalimbali na tundu la skrubu lazima likutane na mwisho wake. Nilitoa futi yangu ya kushonea shingoni nikapima. Sentimita nane kamili. Yeye alishika tochi, na vichwa vyetu vilikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate. "Nane," nikasema. "Nane," akasema. Tukabaki tumeinama hapo na hakuna kilichobaki cha kupima.

"Mmemaliza kupima?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Bado, Mama," Yusufu akajibu, na masikio yakamwiva.

Mimi nilitaka ile yenye bamba la kupozea joto, nene, inang'aa, ina mchoro wa simba. Akachukua futi yangu, akapima chini ya ile kadi kubwa ya picha. "Haitapita. Itagusana na kadi, joto litajaa humo ndani."

"Lakini ni nzuri."

"Ni nzuri. Haina mahali pa kukaa."

Nikamwambia basi tuchukue ya kizazi cha nne, nimesikia ina kasi ya ajabu. Akasema ubao wako ni wa kizazi cha tatu; ya nne ingefanya kazi bila shida, lakini ingetembea mwendo wa ubao. "Unalipia mbio ambazo hutakimbia." Nikacheka mpaka Mama akaacha mchele. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshaishi hivyo, Hamza, muda mrefu, na nilikuwa sijui kwamba kuna watu wanaoliona jambo hilo kabla ya kununua.

Tulibishana ukubwa. Nilisema ndogo inatosha, akanihesabia gemu zako kwa majina, zote, na jinsi kila moja inavyokula nafasi, akasema, "Kaka hapendi kufuta kitu." Nilimtazama. Mtu aliyenifuta mimi kwa simu ya mchana, mdogo wake anamnunulia nafasi ili asilazimike kufuta gemu. Nilikuchukia sana dakika ile, na dakika ileile nilijua nitaolewa na nani.

Tulikwenda kwa muuzaji yuleyule, mimi ndiye niliyetaka. Alinikumbuka. Akauliza swali lilelile: ubao wake ni wa aina gani? Yusufu akafungua kiganja. Alikuwa ameandika jina zima la ubao kwa kalamu, herufi na namba zake zote, na wino umeanza kuyeyuka kwa jasho. Mwanamume huyo ananishika mkono leo kwa kiganja kilekile. Nikikitazama naona bado kama kimeandikwa.

Siku ya kuifunga, yeye alinakili kila kitu chako kutoka diski kuukuu, hakuacha hata picha moja. Kisha akanipa bisibisi. "Funga wewe." Nikaiweka skrubu tunduni. Mama alisema Bismillahi. Tukawasha, Mama akainua birika amimine chai, na kabla kikombe cha kwanza hakijajaa mashine ilikuwa imeamka, imesimama, inasubiri tuiambie la kufanya. Mama alimwaga chai mezani. Mimi nilipiga yowe. Na Yusufu hakuninyanyua wala hakunizungusha. Alimgeukia Mama akasema, "Umeona, Mama? Saidati ndiye ameifunga." Kisha akatoka nje akajifanya anaangalia kama mvua inakuja. Hakukuwa na wingu.

Kuhusu ruhusa, usiwadanganye watu huko Rubavu kwamba uliibiwa. Desturi ya nyumba yenu ni kwamba mdogo hatangulii kuoa bila mkubwa wake kuulizwa, na uliulizwa. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, Mama yupo, baba yenu mdogo yupo. Yusufu alisema wazi: "Kaka, nataka kumwoa Saidati. Wewe ndiye mkubwa wangu. Unaniruhusu?" Ukacheka kicheko kilekile cha Jumapili ile.

"Plastiki? Mchukue, sha. Kama utaona ina matumizi."

Baba mdogo akasafisha koo akasema, "Tumesikia." Mama akasema, "Tumesikia." Ndivyo ulivyonioza. Ulipopiga tena baada ya wiki, unapiga kelele kwamba ulikuwa unatania, ilikuwa imeshakuwa ruhusa. Utani wako ndio mahari nzuri kuliko zote nilizowahi kuletewa.

Hukuja kwenye gusaba, kwa hiyo nikupe kipande chake. Unajua watu wetu wanavyochokozana siku ya kuposa, upande wa bibi harusi lazima ujifanye mgumu. Mjomba wangu alisimama na fimbo yake, akawatazama wageni, akasema kwa sauti ya kusikitika kweli: "Familia hii siyo ngeni kwetu. Walishatuletea mtu. Akaingia, akakaa, akala. Tulipowasha taa hatukumwona. Leo mmetuletea wa aina gani?"

Hema zima lilianguka kwa kicheko. Mashangazi zako walijifuta machozi kwa ncha za mitandio. Msemaji wenu alisubiri kicheko kipungue, akajibu: "Wa leo tumempima kwanza. Mnaweza kumpima na nyinyi." Na shangazi yangu, ambaye hajulikani kwa mzaha, akachukua futi yangu akampima Yusufu kifua mbele za watu. Sadi alikuwepo. Alicheka kuliko wote. Rafiki yako anacheka popote palipo na kicheko, nilidhani unajua.

Basi. Nimekuchoma vya kutosha, na nimefurahi. Sasa nifike kwa Mama.

Mtaa mzima unamwita Mama Hamza. Hawakumwita Mama Yusufu hata siku moja. Asubuhi mlangoni: Mama Hamza, umeamkaje? Kwenye duka la maziwa: Mama Hamza, nusu lita? Jina lako linaingia nyumbani kwetu siku nzima, wewe huingii, hata Idi hukuja. Ijumaa anaweka sahani yako. Tunakula, anaiondoa, anaiosha ingawa ni safi. Na wewe ulimwambia, "Nitakuja huyo mtu akitoka." Huyo mtu ni mimi. Ulimpa mwanamke mzima achague kati ya mtoto aliyeondoka na mkwe anayemkanda magoti.

Juzi alipokupigia hakuchagua. Alinipa simu. Alidhani nikikusalimia kwa heshima utalegea. Nilisema, "Asalaam aleikum, shemeji, unajua ile diski," na ukakata. Nilimrudishia simu, yeye hakujua kwamba umekata. Akaiweka sikioni. "Hamza?" akasema. "Hamza? Mwanangu, unasikia?" Alisema hivyo kwa simu iliyokufa, ametabasamu, kwa sababu alidhani unafikiri. Mimi niliitoa simu mkononi mwake. Yusufu alikwenda uani akasimama kule na mgongo umetugeukia, na mume wangu hageuzi mgongo bure.

Kwa hiyo sikia. Mimi uliponiacha nilipata aliye bora, na sikulazimika kutoka nje ya nyumba yenu kumtafuta. Mama hawezi kupata Hamza mwingine. Ingekuwa anaweza, wallahi, ningekwenda naye kumchagua, na futi yangu shingoni.

Hutaki kuja, tutakuja sisi. Diski yangu, ile plastiki, hatukuletei. Iko kwenye kompyuta ndogo dukani kwangu, inahifadhi vipimo vya nusu ya wanawake wa Nyamirambo, na inaamka vizuri asubuhi. Tunakuletea mashine yako. Ni yako, Yusufu hataki hata kuigusa tena, ameifungia kwenye blanketi letu la harusi isigongwe njiani. Utaikuta nyepesi, ina kasi, haina kosa, imechaguliwa na watu wawili waliokuwa wanapendana na hawajaambiana. Kila itakapoamka haraka utajua ni kwa nini.

Kwenye kioo nimeweka picha yetu ya harusi. Unaweza kuiondoa. Nenosiri huwezi kulikwepa mara ya kwanza. Yusufu aliniambia, "Mke wangu, acha hiyo," nikambusu nikaendelea kuandika. Halina siri, nalitaja hapa hapa kwa kuwa mtaa wote unalijua tayari: ni jina ulilonipa. Mtaliandika kwa herufi kubwa mwanzoni, wewe na vidole vyako, na Mama atakuwa nyuma yako anasubiri mashine ifunguke akuonyeshe picha.

Mama atakaa kiti cha mbele cha gari. Atashuka wa kwanza, atagonga mwenyewe, na wewe hutamfungia mama yako mlango mbele ya majirani zako wa hoteli. Atakukumbatia, utalia, usijikaze. Ukimaliza utainua macho utaniona nyuma yake, nimeshika sahani yako ya Ijumaa, na utasema neno moja tu ninalolitaka kutoka kwako, kwa sauti, wasikie: "Karibu, shemeji."

Pasha maji ya chai. Mwezi mwingine hautaandama kabla hatujafika.

Shemeji yako,
mke wa Yusufu